Saa nane usiku, na tochi mkononi

Saa nane na robo usiku niliwasha tochi, nikamwomba binti afungue mdomo kadiri anavyoweza. Upande wa kushoto, palipokuwa na taya lililoliwa na uvimbe, sasa palikuwa na kipande cha ngozi ya mguu wake mwenyewe, kimeshonwa kuzunguka kingo zote kwa nyuzi fupifupi. Saa moja kabla kilikuwa kimelala laini, kimekaa mahali pake. Sasa kilikuwa kimetuna kama andazi linaloanza kuumuka. Nikakigusa kwa kidole chenye glovu, kikawa kigumu.

Mimi ni nesi. Nina miaka kumi na moja kwenye wodi ya upasuaji hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikiwahudumia wagonjwa wanaokatwa taya, ulimi au shavu na kujengewa upya. Wiki iliyopita dada mmoja niliyesoma naye sekondari alinitumia ujumbe. Mdogo wake amepangiwa upasuaji huo, ndugu wamechanga, tarehe imetoka. Swali lake lilikuwa moja tu: "Sisi tufanye nini?" Nilianza kumjibu kwa simu, ujumbe ukawa mrefu, nikaona bora niandike hapa na wengine wasome.

Nianze na yule binti. Alitoka Singida na mama yake, mkulima wa alizeti. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na uvimbe wa ameloblastoma kwenye taya la chini. Huu si saratani na hauui haraka, ila unatafuna mfupa polepole, na kwa sababu mara nyingi hauumi, watu huuacha mpaka uso umepinda. Miaka minne nyuma, hospitali nyingine ilimkwangua uvimbe na kumrudisha nyumbani. Ukarudi. Ameloblastoma ikikwanguliwa tu hurudi mara nyingi, ndiyo maana madaktari bingwa huukata pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka. Sasa ukishatoa nusu ya taya la binti wa miaka ishirini na mbili, unaweka nini?

Unaweka mfupa wa mguu. Ubavuni mwa muundi, upande wa nje, kuna mfupa mwembamba ambao mtu anaweza kuishi na kutembea bila sehemu yake kubwa, mradi yaachwe kama sentimita sita au zaidi juu ya kifundo ili kisilegee. Daktari David Hidalgo wa New York ndiye aliyeandika mwaka 1989 jinsi ya kuutumia kujenga taya. Unatolewa na mishipa yake ya damu pamoja na kipande cha ngozi, unakatwa na kupindwa ufuate umbo la taya, unafungwa kwa chuma, kisha mishipa ile, myembamba kama tambi, inaungwa na mishipa ya shingoni chini ya darubini. Kazi hiyo ilianza saa mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Kipande hicho kizima, mfupa na nyama na ngozi, sisi wodini tunakiita flapu.

Watu huhesabu hizo saa kumi na mbili za thieta, wakitoka wanasema Mungu mkubwa, yamekwisha. Kwangu mimi ndiyo yanaanza. Flapu inaishi kwa mshipa mmoja unaoleta damu na mmoja au miwili inayoirudisha. Ukiziba mmoja, kuna saa chache tu za kuwahi. Hatari kubwa iko ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na kuziba hakuchagui saa ambayo daktari bingwa yuko kazini. Kunakuja saa nane usiku, nesi akiwa na wagonjwa kumi na nne, umeme ukiwa umetoka kukatika na kurudi.

Lakini maandalizi huanza wiki kadhaa kabla, na hapo ndugu wana kazi kubwa kuliko mimi. Mgonjwa wa mdomo mara nyingi huja amekonda, kwa kuwa kutafuna kunamshinda na anaona aibu kula mbele za watu. Mwili uliokonda hauponi vizuri. Yule binti alifika na kilo arobaini na moja. Tulimwambia mama yake uji wa ulezi uchanganywe na maziwa, karanga zilizosagwa na yai, mara sita kwa siku, na parachichi lililopondwa katikati. Ikiwa mtu amekaa muda mrefu bila kula kabisa, mwambieni daktari kabla hamjaanza kumshindilia chakula, maana kumrudishia kwa kasi kunaweza kuvuruga chumvi za mwili mpaka moyo ukayumba. Baada ya wiki tatu alikuwa na kilo arobaini na nne. Mama alishangilia kwenye mizani kama mtoto wake amefaulu mtihani, na kweli alikuwa amefaulu.

Sigara iachwe, na si kwa mgonjwa pekee. Anayelala naye chumba kimoja pia. Meno mabovu yang'olewe mapema. Damu ipimwe, na kama ni pungufu sababu itafutwe. Miguu nayo ipimwe mishipa, kwa picha ikiwezekana, kwa sababu kuna watu ambao mshipa unaofuata ule mfupa ndio unaolisha unyayo, na ukiuchukua unawaachia mguu bila damu. Na kama flapu itatoka mkononi badala ya mguuni, mkono huo usitobolewe sindano hata moja tangu siku ya kulazwa. Mimi huandika juu ya ngozi kwa kalamu nene: USIGUSE. Niliwahi kumkuta mtu ameshachomwa dripu hapohapo asubuhi ya upasuaji, tangu hapo naandika mwenyewe usiku wa kuamkia.

Kuna jambo lingine linaloonekana dogo kwa wengi na kwangu ni kubwa sana. Mgonjwa huyu akiamka hataweza kusema. Atakuwa na tundu kooni la kupumulia, trakeostomi, na hewa haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Hebu fikiria unaamka, mdomo umejaa, uso umevimba, unaita na hakuna kinachotoka. Kwa hiyo siku moja kabla nakaa na mgonjwa tunakubaliana ishara. Kidole kimoja, naumwa. Viwili, nina makohozi, nifyonzwe. Kiganja kifuani, sipati hewa. Ngumi, niitieni mama. Tunanunua daftari na kalamu mbili, na kwa asiyesoma nachora picha. Yule binti alichagua ishara yake moja ya nyongeza, kukuna sikio, ambayo maana yake ilikuwa "nimechoka kuangaliwa, zima taa".

Sasa hilo la kuangalia. Mwongozo wa kimataifa wa Jumuiya ya ERAS, wataalamu wanaoshughulikia mgonjwa apone upesi baada ya upasuaji, uliochapishwa mwaka 2017 unataka flapu ikaguliwe angalau kila saa kwa saa ishirini na nne za mwanzo, kisha iendelee kukaguliwa kwa nafasi zaidi. Vizuri. Lakini vitabu tulivyofundishiwa vinasema angalia rangi, flapu nzuri ni ya waridi, ikikosa damu inapauka, damu ikishindwa kutoka inakuwa bluu. Ngozi ya nani hiyo? Ngozi ya mguu wa binti wa Singida ni ya kahawia iliyoiva. Ukingoja iwe bluu utangoja mpaka imekufa. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu manesi wachanga wanakuja wodini wamekariri waridi na bluu, wanamulika tochi, wanaona kahawia, wanaandika "rangi nzuri".

Mimi nawafundisha hivi. Mulika flapu, kisha funua mguu uangalie ngozi iliyo jirani na mahali ilipotolewa, ulinganishe ndugu na ndugu. Halafu gusa. Flapu yenye afya inabonyea na kurudi kama sehemu laini ya shavu. Ikilegea na kupoa, damu haiingii. Ikikaza na kutuna, damu inaingia na haitoki. Bonyeza kwa kidole, achia; ikirudisha rangi upesi kupita kiasi, usifurahi, hiyo ni damu iliyojaa. Weka dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita, kwenye uzi ambao daktari ameacha shingoni kama alama, sikiliza. Na kama una shaka na umeruhusiwa, choma kwa ncha ya sindano nyembamba. Tone jekundu likichelewa kidogo, ni salama. Kukavu, mshipa wa kuleta umeziba. Damu nzito nyeusi inayobubujika mara moja, mshipa wa kurudisha umeziba.

Kuna mgonjwa mmoja nilijifunza kwake haya yote, na nilijifunza kwa kuchelewa. Alikuwa mzee mvuvi, saratani ya ulimi, flapu imetoka mkononi. Nilipokea zamu saa moja jioni. Karatasi ya kukagua ilikuwa imejazwa safi tangu saa saba mchana: rangi nzuri, joto nzuri, rangi nzuri, joto nzuri, mistari sita. Nikamulika tochi. Flapu ilikuwa imekaza, ukingo mmoja umeshakuwa mweusi. Nikatazama tena karatasi. Mistari yote sita ilikuwa na wino mmoja, mwandiko mmoja, mlalo mmoja wa kalamu, kama mtu aliyeijaza kwa mkupuo mmoja. Kisha nikaona kamba ya trakeostomi. Asubuhi ilifungwa sawasawa, vidole viwili vinapita chini yake. Mchana shingo ikavimba, kama shingo zote baada ya upasuaji zinavyovimba, na kamba haikulegezwa. Kidole changu hakikupita hata kimoja. Ilikuwa imekandamiza hasa pale mishipa ilipoungwa.

Alirudishwa thieta usiku uleule, lakini flapu haikuokoka. Wakamzibia pengo kwa nyama ya msuli wa kifuani, na aliishi, ila ulimi ule uliokusudiwa umsaidie kusema hakuupata. Sijui hata leo nani alijaza ile mistari, na nilipopeleka malalamiko niliambiwa tusilaumiane. Mimi sikutaka lawama. Nilitaka yule mzee awe ameangaliwa saa tisa mchana.

Tangu siku hiyo kwangu hakuna kamba shingoni. Naomba daktari ashone bomba la trakeostomi kwenye ngozi, na kama ni lazima kamba, inapimwa kwa vidole kila saa na aliyepima anaweka sahihi yake na saa aliyopima. Kitandani pana bomba la akiba la saizi ileile na jingine dogo zaidi, na mashine ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu chini ya kitanda, maana ile ya umeme haisaidii kitu gizani.

Turudi kwa binti, usiku wa pili. Flapu imetuna, imekaza. Niliweka dopla kwenye uzi, ikalia, shwii, shwii, kama kawaida. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mshipa wa kurudisha ukiziba, ule wa kuleta unaweza kuendelea kupiga kwa saa kadhaa, ukijaza damu mahali isipotoka. Nikachoma sindano. Damu ikatoka papo hapo, nyeusi kama juisi ya zambarau.

Nilikagua shingo, hakuna kamba. Mto ulikuwa sawa, kichwa kimenyooka, kitanda kimeinuliwa. Nikampigia daktari wa zamu. Akaniuliza kama dopla inalia. Nikasema inalia. Akasema basi tuangalie tena baada ya saa moja. Nikamwambia, "Daktari, imekaza, na damu ni nyeusi. Nampigia bingwa." Hakukataa. Bingwa alipokea mlio wa pili, hakuniuliza swali lolote zaidi ya moja, mgonjwa amekula saa ngapi. Kulikuwa na uji kwenye mpira wa puani tangu saa nne, nikafunga mpira, nikavuta kilichobaki tumboni. Benki ya damu nikawapigia mwenyewe. Saa tisa na dakika ishirini alikuwa mezani.

Kabla hatujamsukuma aliandika kwenye daftari: Dada imekufa? Sikutaka kumwambia hapana wakati sijui. Nikaandika chini yake: Inaumwa. Tumewahi. Akanishika mkono mpaka mlango wa thieta.

Mama yake alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Nilimwamsha. "Shikamoo mama." Akaitika marahaba akiwa bado hajafumbua macho, kisha akakaa ghafla, akaniuliza kama mtoto ameshakwenda. Nikamweleza kwa maneno ambayo yeye angeyaelewa, kwamba mfereji wa kuingiza maji shambani unafanya kazi ila wa kutolea umeziba, na wamekwenda kuuzibua. Akaniuliza, "Mizizi haijaoza?" Nikamwambia tumeiona mapema.

Walikuta bonge la damu kwenye mshipa wa kurudisha, wakalitoa, wakaunga upya kwenye mshipa mwingine. Alfajiri alirudi. Nilikuwa nimeshamaliza zamu lakini nilisubiri. Nikamulika. Ilibonyea na kurudi.

Yaliyofuata ni kazi ya kila siku, nayataja kwa haraka ingawa ndiyo yanayojaza siku zetu. Mgonjwa apate joto. Kiyoyozi na feni visimwelekee, blanketi ya nyumbani ni bora kuliko shuka mbili za hospitali. Asisukumiwe dripu bila hesabu, wala asikaushwe, tunaangalia mkojo. Mdomo unasafishwa kwa maji ya chumvi mara nyingi, taratibu. Mpira wa puani ufungwe barabara, kwani ukichomoka huwezi kuurudisha kwa kubahatisha juu ya mishono mibichi. Na mrija wa kutolea majimaji ya jeraha shingoni ukianza kutoa kitu cheupe kama maziwa baada ya kuanza kulishwa, mwite daktari, huo si usaha. Zamani tulimlaza mgonjwa wa taya siku tano bila kuinuka. Sasa tunamkalisha kwenye kiti siku inayofuata kama flapu iko salama, kifua kisijae na damu isigande miguuni. Mguu uliotolewa mfupa tunauangalia pia: ainue kidole gumba, akikunje, vidole viwe na joto.

Kwa ndugu, nina ombi moja. Mkija kumwona, msimguse shingoni. Najua mnampenda. Nimeona shangazi akimfunga mgonjwa mtandio ili wageni wasilione lile tundu, ameufunga vizuri na kwa heshima, na umekandamiza mishipa. Nimeona mjomba akiongeza mto wa pili, kichwa kikakunjwa. Muulizeni nesi. Hata mkimuuliza mara kumi. Mama wa Singida alikuwa ananiuliza kila saa, na siku ya tatu nilimpa tochi. Nilimwonyesha flapu, nikamwonyesha mguu, nikamwambia, mama, hivi ndivyo ilivyo ikiwa nzima, ukiona imebadilika usinitafute kwa adabu, piga kelele. Kuanzia hapo tulikuwa wawili.

Siku ya sita bomba lilibadilishwa likawekwa dogo zaidi. Daktari akamwambia binti alizibe kwa kidole na ajaribu kusema. Alivuta pumzi, akakohoa, akajaribu tena. Sauti ilitoka nzito, ya mafua, nusu ya maneno imemezwa na uvimbe. Alimwangalia mama yake akasema, "Umekula?" Mama alikuwa amekaa siku sita akiishi kwa chai na mkate, na sisi wote tulikuwa tumeshughulika na kilo za mtoto.

Alimeza maji siku ya kumi, uji siku ya kumi na moja. Aliondoka kwa magongo, na kioo kidogo ambacho aliniomba mwenyewe. Simpi mtu kioo kabla hajakiomba, na akikiomba nabaki naye.

Mwezi uliopita alikuja kliniki. Anatembea bila gongo. Uso umenyooka, kovu la shingoni linajificha kwenye mkunjo wake. Wakati anasubiri daktari alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayekiri kosa, "Dada, kuna kitu sikumwambia hata mama. Huku ndani kunaota vinyweleo."

Nikamwambia ni kawaida. Hiyo ni ngozi ya mguuni, haijui kama imehama. Daktari atavipunguza, na kuna njia za kuviondoa vikimsumbua.

"Ngoja nione," nikasema. Nikatoa tochi mfukoni, akafungua mdomo. Vilikuwa vitano, vyeusi, vimesimama.